Wakuu, bastola ya .22 ya kutobolea karatasi tu: nichukue ipi kwa dola 500?

#1 Mlenga Chungwa

Wakuu salaam. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa saba sasa, napiga zamu za usiku kwenye ghala. Mwezi uliopita jamaa wa kazini alinipitia Jumamosi asubuhi akanipeleka renji, uwanja wa kulengea shabaha. Uzoefu wangu wa silaha ulikuwa mmoja tu, SMG, ile bunduki ya kijeshi, enzi za JKT ya mujibu wa sheria: risasi chache, afande kisogoni, masikio yakavuma mpaka jioni.

Basi jamaa akanikabidhi bastola ndefu, nyembamba, nzito kama nyundo. Nikajikaza nikisubiri teke. Wapi! Ikalia "tap" kama mtu kavunja kijiti, ganda likaruka, na karatasi kule mbele ikawa na kitundu. Nikapiga kumi. Nikapiga hamsini. Tulipotoka tulikuwa tumechoma risasi 200, na jamaa anasema zote hazijafika dola 20.

Tangu siku hiyo sina raha, nataka ya kwangu. Sitaki ya ulinzi, sitaki ya kutembea nayo kiunoni, na siasa za bunduki za nchi hii naomba zibaki nje ya uzi. Nataka kitu cha kupeleka renji Jumamosi, nitoboe karatasi, nirudi nyumbani nile ubwabwa. Bajeti dola 500, kodi humo humo.

Dukani nimeonyeshwa tatu: Taurus TX22, Browning Buck Mark na Ruger Mark IV 22/45. Muuzaji ananisukumia Taurus kwa kuwa magazini yake inakula risasi 16 na hizo nyingine zinakula 10 kila moja. Mama watoto yeye ana swali moja tu: "Utaiweka wapi na watoto hawa?"

Naomba mnieleweshe hiyo "rimfaya" wanayoiita risasi ya .22 ni kitu gani hasa, halafu mnisaidie kuchagua. Nawasilisha.

#2 Kahawa Chungu

Ngoja waje wataalamu. Nimeshaweka mkeka hapa, kahawa na kashata pembeni.

#3 Bin Mnazi

Uzi wa bastola bila picha ya bastola ni sawa na pilau bila nyama.

#4 Fundi Saa

Mkuu Mlenga Chungwa, karibu kwenye ugonjwa usio na dawa. Mimi niko Houston, mwaka wa 14 huu na hizi .22 (kipenyo cha inchi 0.22 hivi), na za kwangu ni tano. (Mke wangu anajua tatu.)

Nianze na rimfaya. Okota ganda la milimita 9 renji, ligeuze utazame kitako. Katikati utaona kiduara kama kifungo cha shati. Hiyo ndiyo fataki, na pini inagonga pale pale katikati. Sasa geuza la .22. Kitako kitupu, kifungo hakuna. Kiwandani fataki hutiwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, kisha ganda linazungushwa kwa kasi mpaka fataki inasambaa ndani ya ule ukingo uliokunjwa kuzunguka kitako. Pini inagonga ukingo, ukingo unabonyea, fataki inawaka, baruti inafuata. Moto unaanzia ukingoni, jina likatoka hapo: kwa Kiingereza "rim" ni ukingo, "fire" ni moto.

Teknolojia hii ni ya mababu. Smith & Wesson walitoa bastola yao ya kwanza ya .22 fupi mwaka 1857, na hii .22 ndefu unayopiga wewe ni ya mwaka 1887. Imedumu kwa sababu ni rahisi kutengeneza. Kichwa chenyewe kinachoruka mara nyingi kina greni 40, yaani gramu 2.6 hivi, na baruti ni kiduchu, ndiyo maana haikupigi teke na haikumalizi mfukoni.

Ila urahisi huo una deni lake. Ganda lazima liwe jembamba ili pini iweze kuubonyeza ukingo, kwa hiyo halihimili nguvu kubwa, na likishapigwa ndiyo basi, si la kujaziwa tena nyumbani kama wanavyofanya watu wa milimita 9. Halafu fataki ikisambaa vibaya, sehemu moja ya ukingo inabaki kavu, pini ikigonga hapo unasikia "tk" na kimya. Risasi imegoma. Ikitokea, USIIGEUZE BASTOLA UITAZAME. Mtutu ubaki umeelekea shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Zipo zinazochelewa kuwaka. Na siku ukisikia "puf" dhaifu badala ya "tap", simama kabisa. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, ukifyatua ya pili nyuma yake utakuja kutuhadithia ukiwa na bandeji.

Sasa kuchagua. Muuzaji anakuuzia hesabu ya risasi. Za nini? Kwenye shabaha hakuna anayekukimbiza. Magazini ya kumi inakupa muda wa kushusha mikono, kupumua na kutazama umeharibu wapi. Mimi ninaangalia vitu vitatu, na cha kwanza ni uzito. Dukani kila mtu anasifia bastola nyepesi, akifika renji mkono unatetemeka na bastola unatetemeka nao. Mark IV Target ya chuma tupu ina kilo 1.2. Buck Mark inakaribia kilo moja. TX22 ni nusu kilo, na Glock 44 haifiki hapo, ni gramu 400 na ushei. Nzito inatulia. Nyepesi inaitikia kila kosa la kidole chako.

Cha pili ni triga, kile cha kuvuta kwa kidole. Unataka iachie kama kijiti kikavu kinavyokatika, sio kama kuburuta gunia juu ya sakafu ya saruji. Cha tatu ni kilengeo cha nyuma kinachorekebishika kwa bisibisi, juu na chini, kushoto na kulia, kwa sababu kila aina ya risasi inatua pake.

Ushauri wangu: Ruger Mark IV, funga macho lipa. Kilengeo cha nyuma kimekaa juu ya bomba lile lile lililoshika mtutu, kwa hiyo haviachani. Na kuisafisha unabonyeza kitufe kimoja nyuma inafunguka kama mkoba.

Ukikuta ya mtumba, uliza imetengenezwa lini. Zile za kabla ya Juni 1, 2017 Ruger wenyewe waliziita zirudi kwa ajili ya tatizo la sefti, kile kizuizi cha usalama. Unaingiza namba ya bastola kwenye tovuti yao, wanakuambia kama inahusika, na matengenezo ni bure.

#5 Bin Mnazi

Mimi nataka ile ya yule mzee wa Kituruki wa Olimpiki ya Paris. Mkono mfukoni, miwani ya kawaida, fulana, medali. Hakuna mbwembwe.

#6 Fundi Saa

Hahaha, Yusuf Dikeç. Alikuwa na miaka 51 na akaondoka na fedha ya timu mchanganyiko. Lakini ile ni bastola ya upepo mkuu, kirisasi cha milimita 4.5, mita 10. Haina hata baruti. Ukitaka .22 kwenye Olimpiki tazama bastola ya mita 25 ya akina mama, au ile ya wanaume ya kufyatua haraka haraka. Huko utakuta akina Pardini na Walther, mashine zenye mpini wa mbao uliochongwa kufuata kiganja. Bei yake utauza gari.

Halafu mkono mfukoni si mapozi. Wanaopiga kwa mkono mmoja wanatafutia ule mwingine mahali pa kukaa ili usiyumbishe mwili.

#7 Mzee wa Gobore

Vijana mnapenda makorokoro. Nunua rivolva. Ruger Wrangler inachukua sita, bei yake haifiki nusu ya bajeti yako, na haijui kukwama kwa sababu hakuna kinachojirudisha chenyewe. Unavuta nyundo kwa dole gumba, unalenga, unapiga. Risasi ikigoma unasubiri zile sekunde 30 za Fundi, unavuta nyundo tena, inayofuata hiyo. Wajukuu wangu wote nimewafundishia rivolva, unaona kwa macho kama nyundo iko juu au chini.

Enzi zetu kule kijijini gobore lilikuwa na risasi MOJA. Ukikosa nguruwe, unapanda mti.

#8 Mlenga Chungwa

@Mzee wa Gobore shikamoo. Nimecheka mpaka msimamizi kanitazama.

@Fundi Saa hapo kwenye uzito umenivuruga, maana mimi nilidhani nyepesi ndiyo ya kisasa. Ila mzee naye ana hoja. Mwenye kuanza aanze na rivolva?

#9 Fundi Saa

Mzee yuko sahihi kwa mtoto na kwa mtu mwenye subira. Ila Wrangler vilengeo vyake havisogei. Ikipiga vidole viwili kushoto, itapiga vidole viwili kushoto mpaka kiyama, na wewe utakuwa unalenga kulia ili upate katikati. Kwa makopo nyuma ya nyumba ni raha tupu. Kwa karatasi utachoka. Na kutoa maganda moja moja, kuingiza moja moja, renji unayolipia kwa saa... piga hesabu mwenyewe.

(Mzee usinikasirikie, mimi mwenyewe ninayo moja.)

#10 Nesi wa Zamu

Kaka Mlenga, na mimi niseme, maana nyie wanaume mmeongea chuma tu.

Mama watoto ameuliza swali la maana kuliko yote humu. Bastola mpya ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni hapa Marekani anatakiwa akupe na kufuli au kifaa cha kuihifadhi. Mara nyingi ni kale kawaya kenye kufuli. Kawaya peke yake hakatoshi kwenye nyumba yenye watoto. Nunua kikasha cha chuma cha namba, kifunge kwa skrubu kwenye ukuta wa kabati, na risasi ziwe na kikasha chao pengine kabisa. Namba isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, wanajua zote. Weka dola 60 au 70 za kikasha ndani ya hizo 500, sio baada yake.

La pili ni risasi yenyewe ya madini (lead). Vichwa vingi vya .22 ni madini hayo matupu au vimepakwa shaba nyembamba tu, na fataki nayo inayo, kwa hiyo ule moshi unaovuta renji ya ndani si uvumba. Ukimaliza nawa kwa maji baridi na sabuni, uso na mikono, kabla ya kugusa chakula. Nguo zile usimbebee mtoto. Vaa, rudi, vua, fua mbali na za watoto. Watoto wadogo ndio inaowadhuru zaidi, inagusa ubongo unaokua.

Na masikio. Ni "tap" kweli, lakini ukiwa ndani ya ukumbi jirani yako anapiga .45, risasi kubwa. Ziba.

#11 Msomi Njaa

Samahani kuingilia. Mimi nipo hapa kwa viza ya masomo, mwaka wa pili. Naweza kununua? Au jamaa yangu mwenye green card (ukaazi wa kudumu) aninunulie nimrudishie hela?

#12 Fundi Saa

@Msomi Njaa mdogo wangu, simama hapo hapo. Hilo la pili ni kosa la jinai la shirikisho, kumnunulia mtu mwingine huku ukiandika kwenye fomu kwamba ni yako. Utamfunga jamaa yako na wewe utapanda ndege.

Na hilo la kwanza: wenye viza za muda kama yako wanazuiwa na sheria ya shirikisho kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache, maarufu ukiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Hata ile ya kukodi renji inahesabika. Usijaribu kabla hujaongea na mwanasheria wa uhamiaji. Bastola za upepo zipo, na zinafundisha yale yale.

@Mlenga wewe ukiwa na green card unaruhusiwa. Miaka 21 na kuendelea kwa bastola dukani. Utajaza fomu 4473, utaandika namba yako ya uhamiaji, wanakuchunguza kwa mfumo wa shirikisho, mara nyingi ni dakika chache. Fomu inauliza kuhusu bangi na inaeleza wazi kwamba jimbo kuihalalisha hakubadilishi swali. Ohio mmeihalalisha 2023, watu wanajisahau hapo.

#13 Mtu wa Kiambu

Huku kwetu Kenya mambo ni tofauti kabisa. Bila cheti kutoka Firearms Licensing Board hushiki kitu, na lazima ueleze unaitakia nini. Lakini mchezo upo, sisi tuko na renji pale Kirigiti na watu hushindana wikendi. Msione ni kitu cha majuu pekee. Na mtu asije akaweka risasi moja kwenye begi akisema ni ukumbusho wa kuonyesha wazee kijijini, JKIA watamwonyesha ukumbusho mwingine.

#14 Bin Mnazi

Na Dar hivyo hivyo, sheria ya silaha ya 2015 haina utani. Mkague mabegi na yale majaketi mliyoendea renji, risasi za .22 ni ndogo, zinajificha kwenye mshono wa mfuko.

#15 Mlenga Chungwa

MREJESHO.

Jana tumeenda, mimi na mama watoto. Watoto tumewaacha kwa shangazi yao. Nilimshawishi kwa kumwambia "njoo uone kwanza ndipo ukatae", na bahati nzuri kwenda wawili kumesaidia, kwa sababu renji ile haimkodishii silaha mtu asiye na yake aliyekuja peke yake. Sababu yao ukiifikiri inaeleweka na inasikitisha.

Tulikodi zote tatu. Yadi 10, kila mtu risasi 20 kwa kila bastola, tumeegemeza mikono mezani magazini ya kwanza, ya pili tumesimama. Karatasi nimeziandika jina na kuja nazo.

TX22: inapendeza mkononi, haikukwama hata mara moja, na kufyatua haraka haraka ni burudani. Lakini tundu zangu zilisambaa ukubwa wa sahani ya kikombe cha chai. Fundi alisema ukweli, kila nikibana kidole pua ya bastola inainama.

Ruger 22/45: chungwa. Tundu zote ishirini zingefunikwa na chungwa moja kubwa, isipokuwa mbili ambazo najua nilikohoa. Triga safi. Mpini wake umeinama kama wa zile .45 za zamani za jeshi la Marekani, hiyo 45 ya kwenye jina imetoka huko.

Buck Mark: chungwa pia, dogo kidogo. Nisingeweza kuapa ipi bora kati ya hizo mbili.

Sasa mama watoto. Kwenye Ruger vidole vyake vilikuwa vinatafuta pa kukaa, anashika, anaachia, anashika tena. Kwenye TX22 alifumba macho yote mawili kabla ya kufyatua, akaomba radhi karatasi. Alipochukua Buck Mark akanyamaza. Ule mpini una vijongo vya vidole, na mkono wake mdogo ukaingia kama kwenye glavu. Ila risasi zake zikawa zinakwenda pembeni zote, kundi zuri lakini pembeni. Mzee mmoja msimamizi akaja, akamwambia anyooshe mikono, aache kitundu kati ya viganja, atazame saa ya ukutani kupitia humo, kisha afumbe jicho moja moja. Alipofumba la kushoto saa ikapotea. Kumbe anatumia mkono wa kulia lakini jicho lake kuu ni la kushoto! Mzee akamwambia asogeze bastola kidogo mbele ya jicho hilo, kichwa asikipinde. Magazini iliyofuata: NDIMU. Yadi 10, tumesimama. Ndimu wakuu!

Amekunja karatasi kaiweka kwenye pochi. Njiani kimya. Tulipofika taa ya tatu akasema, "Lakini ile ya kwanza kabisa tusinunue."

Kwa hiyo ni Buck Mark. Dola 430 kabla ya kodi, na kikasha nimekinunua siku hiyo hiyo. Nimepitiliza bajeti kidogo, msimwambie.

#16 Nesi wa Zamu

Mpe hongera shemeji yangu huyo. Na wewe usije ukaanza kumfundisha.

#17 Fundi Saa

Nimeshindwa kihalali. Ningekuwepo ningeng'ang'ania Ruger na ningekosea, kwa sababu mkono unaopiga ni wenu.

Ila nikuonye mapema. Buck Mark kilengeo cha nyuma hakikai juu ya mtutu moja kwa moja, kinakaa juu ya kipande cha juu kilichofungwa kwa skrubu mbili, na ukitaka kuisafisha vizuri lazima uzifungue kwa ufunguo wa Allen. Ukirudisha, kaza sawasawa. Sio mpaka skrubu ilie, ni ndogo hizo. Tone la gundi ya skrubu, ile ya rangi ya buluu, linatosha. Nyekundu usiiguse, utafungua kwa moto. Na usiwe na haraka ya kuifungua, .22 hazitaki kusafishwa kila Jumamosi kama kanzu. Futa bolti (kile chuma kinachorudi nyuma ukipiga), futa pale risasi inapoingilia, weka mafuta tone mbili.

Risasi sasa. Usinunue ndoo ya risasi elfu moja mwanzoni. Nunua boksi moja moja za aina nne au tano, piga kumi kumi kwenye karatasi tofauti, uone bastola YAKO inapenda nini. Hizi .22 zina deko kama paka. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja zinaweza kupenda risasi tofauti. Anza na CCI Standard, ile ya futi 1,070 kwa sekunde. Hiyo iko chini ya kasi ya sauti, haivuki ule mpaka inaporuka, na bastola nzito kama yako inaimudu. Zile nyepesi ndogo ndogo, kama Walther P22, mara nyingi zinataka ya kasi zaidi kama Mini-Mag ili bolti irudi mpaka mwisho. Watu wanalaumu bastola, kumbe ni njaa.

Na kama kundi lako linakwenda chini kushoto, na wewe ni wa mkono wa kulia, usiguse vilengeo. Ni kidole. Unasubiri mlio, unabana kabla yake. Dawa yake: nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua zile plagi za plastiki za njano za kutundikia picha ukutani, namba 4-6. Zinaingia kwenye chemba ya .22, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kama zilichongwa kwa ajili hiyo. Mwambie mama watoto akujazie magazini, achanganye mbili tatu humo bila wewe kuona. Ukifika kwenye plagi bastola haitalia, lakini utaona pua inavyochovya chini. Aibu hiyo inafundisha kuliko mimi.

#18 Mzee wa Gobore

Plagi za ukutani! Dunia imekwisha. (Nitajaribu.)

#19 Kahawa Chungu

Bado nipo kwenye mkeka. Kashata zimeisha.

#20 Mlenga Chungwa

Wakuu, miezi miwili baadaye. Nina kesi.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Risasi nimejaribu aina tano, imechagua ile CCI Standard kama Fundi alivyobashiri, na ile ya bei rahisi kuliko zote ikaigomea, mbili kwa kila hamsini. Plagi zimenitoa jasho, mama watoto aliniwekea NNE kwenye magazini moja akasimama nyuma anacheka kimya kimya, namwona mabega. Lakini kidole kimetulia. Yadi 15 nilikuwa napata chungwa, yeye anapata ndimu, tumezoea hivyo.

Juzi Jumamosi nikafika, risasi zile zile, yadi zile zile, kundi likawa nazi. Nikapumzika, nikanywa maji, nikarudi. Nazi. Tena inahamahama, magazini ya kwanza juu, ya pili kulia. Nikarekebisha kilengeo, ikawa mbaya zaidi. Nikampa mama watoto nikijua ataniaibisha, naye akapata nazi. Akaitazama bastola, akanitazama mimi. Vioo nimebadilisha karibuni, nikafikiri labda miwani. Au mtutu umechakaa? Nimepiga kama risasi 1,800 tu jumla.

#21 Fundi Saa

Mtutu wa .22 hauchakai kwa 1,800, ongeza sifuri ndipo tuanze kuongea. Na macho ya watu wawili hayaharibiki siku moja.

Swali moja tu. Uliifungua kuisafisha lini?

#22 Mlenga Chungwa

Ijumaa usiku.

#23 Fundi Saa

Shika kile kipande cha juu chenye kilengeo, vidole viwili, kitikise. Bastola iwe tupu, magazini nje, chemba umeitazama kwa macho na kidole.

#24 Mlenga Chungwa

Kinacheza.

#25 Nesi wa Zamu

😂😂😂

#26 Mlenga Chungwa

Skrubu ya nyuma imezunguka karibu mzunguko mzima kabla ya kukaza. Sikuweka hata ile gundi ya buluu, niliona chupa iko mbali. Mama watoto amesoma uzi huu wote akiwa begani kwangu, anaomba niwaambie kwamba ufunguo wa Allen kuanzia leo unakaa kwenye kikasha chake yeye.